Daktari Anajibu: Bega la mzee limevunjika, je, apasuliwe kwa matundu madogo?

Tangu mvua zilipoanza kuteremsha matope kwenye vichochoro vya Kadutu na Bagira, barua za mabega yaliyovunjika zimezidi hata zile za kisukari na shinikizo la damu ambazo tumezizoea katika ukurasa huu. Safari hii nafasi yote tumewapa wasomaji watano wa Bukavu walioandika juu ya jambo hilo moja. Barua tumezifupisha na majina tumeyaondoa.

*Daktari, mama yetu mwenye umri wa miaka 74 aliteleza Jumapili akishuka kutoka kanisani, akaangukia upande wa kuume. Tulimpiga radio, ile picha ya mifupa, siku iyo hiyo, tukaambiwa kwamba mfupa umevunjika chini kidogo ya bega na kwamba umesogea «kidogo». Daktari alimfunga kitambaa shingoni, akampa dawa za maumivu, akamrudisha nyumbani, nasi tunaona kwamba hakutibiwa. Kaka yetu aliye Ubelgiji anasema siku hizi huko wanapasua kwa matundu madogo tu na mzee anarudi nyumbani kesho yake, tena yuko tayari kutuma pesa. Leo ni siku ya tano na mkono umekuwa mweusi mpaka kwenye kiwiko. Tufanye nini? — Binti mkubwa, Kadutu*

Dada, nianze na weusi huo, maana nahisi ndio unaowanyima usingizi kuliko mfupa wenyewe. Mfupa ukivunjika hutoa damu, na kwa kuwa mama anashinda ameketi huku mkono ukining'inia, damu hiyo hushuka polepole chini ya ngozi hadi kwenye kiwiko, wakati mwingine hata kifuani na ubavuni, kisha hugeuka kijani na manjano na kutoweka yenyewe katika wiki mbili au tatu. Haihitaji kukandwa wala kuchanjwa. Yanayopaswa kuwakimbiza hospitalini saa iyo hiyo ni mengine: vidole kuwa vya baridi na kupauka, mama kushindwa kuvikunja na kuvikunjua, ganzi inayozidi, au ngozi kupasuka pale mfupa ulipovunjika.

Mmeandika kwamba hakutibiwa. Nawaelewa, kwa sababu tumezoea kupima uzito wa tiba kwa ukubwa wa bandeji, na mtu akitoka hospitalini bila plasta wala mshono tunaona kama amefukuzwa. Kwa bega mambo ni tofauti. Plasta haina mahali pa kushika pale juu isipokuwa kifua kizima kifungwe, na bega la mtu mzima wa miaka 74 likifungwa hivyo kwa wiki sita hukauka kama mlango uliopata kutu. Kitambaa alichofungwa mama ndicho tiba yenyewe, pamoja na mazoezi ambayo, kwa jinsi barua yenu inavyosema, hakuna aliyewaeleza, na hapo ndipo ninapoona kasoro.

Sehemu ya juu ya mfupa wa mkono ina kichwa cha mviringo kama nusu ya chungwa, ina vinundu viwili ambavyo kano za misuli minne inayozungusha bega zimejishikiza, na chini yake kuna shina linalokwenda hadi kwenye kiwiko. Mwaka 1970 daktari wa mifupa wa New York, Charles Neer, alipendekeza kwamba tuhesabu vipande hivyo vinne, na kwamba kipande kihesabiwe kuwa kimehama pale tu kinapokuwa kimesogea zaidi ya sentimita 1 au kimeinama zaidi ya nyuzi 45. Hadi leo madaktari wa mifupa wanatumia kipimo hicho wanapozungumza. Kwa hiyo lile neno «kidogo» mliloambiwa linaweza kutolewa kwa tarakimu, na mna haki ya kurudi kwa yule daktari mkamwuliza kwa upole: ni vipande vingapi, vimesogea sentimita ngapi, vimeinama nyuzi ngapi? Ikiwa vipo chini ya mipaka hiyo, hakuna sababu ya kumpeleka mama kwenye meza ya upasuaji, awe na mtoto Ubelgiji au asiwe naye.

Hata vinapovuka mipaka hiyo, jibu si la haraka. Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika hospitali za Uingereza, ambamo watu 250 waliovunjika mahali hapo, na mfupa ukiwa umehama, waligawanywa kwa kura: nusu wakapasuliwa, nusu wakafungwa kitambaa na kupewa mazoezi. Baada ya miaka miwili, walipoulizwa kuhusu maumivu na kazi wanazoweza kufanya kwa mkono huo, makundi yale mawili hayakutofautiana kwa kiasi cha maana. Miaka minne baadaye, utafiti wa nchi za kaskazini mwa Ulaya uliohusu watu 88 wenye umri wa miaka 60 na zaidi, ambao mfupa wao ulikuwa umegawanyika vipande viwili, ulifikia hapo hapo. Msomaji makini ataniambia kwamba wengi wa waliopasuliwa katika tafiti hizo waliwekewa bamba la chuma kwa mkato mrefu, wala si kwa matundu madogo. Ni kweli, nami sitaki kuyafanya matokeo hayo yaseme yasichosema. Ila anayetaka kumpasua mama yenu kwa matundu madogo ndiye mwenye wajibu wa kueleza kwa nini tundu dogo litampa kile ambacho mkato mrefu haukuwapa wengine.

Nakiri pia kwamba katika miaka yangu ya mwanzo niliwahi kumpasua mama mmoja wa umri kama huo ambaye leo ningemwachia kitambaa. Picha ya radio iliniudhi, mfupa ulionekana umepinda, nikataka kuunyosha. Niliunyosha. Bega lake halikupanda juu kuliko la mwenzake wa kitanda cha pili ambaye hakuwa na pesa za kupasuliwa.

Hata hivyo kaka yenu hakusema uongo: upasuaji huo upo, na kwa watu fulani unafaa sana. Mgonjwa hulazwa nusu kaputi, au bega hufishwa ganzi, mara nyingi vyote viwili. Daktari huuvuta mkono na kuusukuma kwa utaratibu, huku macho yakiwa kwenye kioo cha ile mashine ya radio inayoonyesha mifupa papo hapo, ambayo watu wa chumba cha upasuaji huiita ampli. Kipande kikikataa kurudi mahali pake, hutoboa ngozi kwa ncha ya kisu, akapenyeza chuma chembamba hadi kwenye kipande hicho, akakiinua au kukizungusha taratibu kama mtu anayegeuza kiazi kwenye makaa bila kukifukua. Vipande vikiisha kukaa, huvishikilia kwa nyaya nene za chuma tatu au nne hivi, zile ambazo wauguzi wetu huziita broshi, unene wa kila mmoja ukiwa kama milimita 2 na nusu, zikitoka ubavuni mwa shina na kupanda hadi ndani ya kichwa cha mfupa. Ngozi inabaki na alama chache za ukubwa wa ukucha.

Faida yake kubwa haimo katika uzuri wa kovu, ingawa ndilo watu wanaloliona. Kichwa cha mfupa hulishwa na mishipa midogo ya damu inayopanda kutoka chini na nyuma, na kila mara kisu kinapotenganisha nyama na mfupa, baadhi ya mishipa hiyo hukatwa. Kichwa kilichonyimwa damu hufa polepole, kikabonyea miezi mingi baada ya mtu kujiona amepona. Anayefanya kazi kupitia tundu dogo huiacha nyama ilivyo, na mishipa iliyosalimika siku ya kuanguka husalimika pia siku ya kupasuliwa. Damu inayopotea ni kidogo, na vidonda vidogo haviumi sana.

Tatizo ni kwamba njia hii inayoonekana kuwahurumia wazee hudai mfupa wa kijana. Waya uliopigiliwa ndani ya mfupa mgumu hushika kama msumari kwenye mbao ngumu ya libuyu, lakini ndani ya mfupa wa mama wa miaka 74, ambao mara nyingi una matundu matundu kama sifongo, waya uleule huteleza, na vipande vikarudi vilikokuwa kabla ya wiki ya tatu. Ndiyo maana daktari mwangalifu hutazama kwanza ukuta wa ndani wa mfupa, ule unaoelekea kwapani. Ukiwa mzima, hutumika kama bawaba na kichwa hukaa juu yake. Ukiwa umesagika, nyaya peke yake hazitoshi. Hutazama pia kama kichwa kimebaki na mkia wa mfupa upande huo wa ndani, kwa kuwa mkia mfupi kuliko milimita 8, pamoja na bawaba iliyopotoka zaidi ya milimita 2, ni ishara kwamba damu ya kichwa imo hatarini. Mambo haya huonekana vizuri zaidi kwa skana, mashine inayouonyesha mfupa kwa pande zote, kuliko kwa radio ya kawaida, kwa hiyo mkiambiwa mama afanyiwe skana kabla ya uamuzi msidhani kwamba mnatafutiwa gharama.

Kwa hali mliyoieleza, ningefanya hivi. Ningempiga mama radio nyingine kati ya siku ya saba na ya kumi. Ikiwa vipande havijaendelea kusogea, ningebaki na kitambaa bila kusita. Ikiwa vimehama sana, shina likiwa limeachana kabisa na kichwa, na mama ni mwenye nguvu, anajipikia na kujifulia, ningemtafuta mpasuaji wa mifupa aliyezoea njia hiyo, mahali ambapo ampli ipo na umeme haukatiki katikati ya kazi, na ningefanya hivyo kabla ya wiki mbili kupita, kwa sababu baada ya hapo mfupa huanza kujiunga vibaya na haukubali tena kurudishwa bila kufunguliwa. Kama bega lingekuwa limetoka pia kwenye tundu lake, au kichwa kimepasuka katikati, nisingengoja hata hizo siku kumi.

Nyumbani, mama alale nusu ameketi, mito mitatu mgongoni na mmoja chini ya kiwiko. Avae blauzi iliyo wazi mbele, mkono mgonjwa ukiingia wa kwanza na kutoka wa mwisho. Kwapani muoshwe na kukaushwa kila siku akiwa ameinama mbele kidogo, maana jasho linalokaa hapo huchubua ngozi. Vidole, kifundo cha mkono na kiwiko avichezeshe tangu leo, mara nyingi kwa siku. Kuanzia wiki ya pili, maumivu yakipungua na daktari akikubali, asimame kando ya meza ya jikoni, aiegemee kwa mkono mzima, ainame, auache mkono mgonjwa uning'inie kwa uzito wake kama ndoo kwenye kamba, kisha auzungushe mduara usiozidi ukubwa wa sahani, mara kumi kulia na mara kumi kushoto. Mwanzoni atalalamika. Mjukuu amhesabie kwa sauti. Baada ya wiki tatu hivi kitambaa huanza kuachwa mchana, na mkono mzima huusaidia ule mgonjwa kupanda. Pesa za kaka zitumike kwanza kumlipa mtaalamu wa mazoezi, yule tunayemwita kine, mara mbili kwa wiki kwa miezi mitatu, pamoja na teksi ya kumpeleka na kumrudisha, kwa kuwa njia ile ile iliyomwangusha asiipitie kwa miguu akiwa na mkono mmoja.

*Mimi ni mwalimu mstaafu, nina miaka 68. Wiki tatu zilizopita nilipasuliwa bega kwa njia hiyo ya matundu madogo na kuwekewa broshi nne. Jana niliona ncha ya mojawapo imetokeza kwenye ngozi kuliko zilivyo nyingine, na inatoa majimaji. Mtoto wa ndugu yangu, ambaye ni fundi wa pikipiki, anasema ni jambo dogo, anaweza kuivuta kwa koleo. — Mzee wa Nguba*

Mzee, usimruhusu. Rudi leo kwa aliyekupasua, usingoje tarehe ya miadi.

Waya unaosogea nje unaonekana, na hiyo ni bahati. Waya unaosogea ndani hauonekani, na imewahi kutokea, ingawa ni nadra, waya wa bega ukasafiri hadi kifuani. Kwa hiyo lazima upigwe radio kujua zote nne ziko wapi. Majimaji nayo yanaweza kuwa ya msuguano tu wa ngozi, au ukawa usaha unaoanza kufuata waya kuelekea mfupani, na tofauti ya hayo mawili haijulikani kwa macho ya fundi wa pikipiki, hata awe hodari namna gani. Tena wiki ya tatu ni mapema: kwa kawaida broshi hizo hutolewa kati ya wiki ya nne na ya sita, mfupa unapokuwa umeanza kujishika, na ikivutwa moja kabla ya wakati huenda tatu zilizobaki zisitoshe kuzuia kichwa kisianguke.

Nastaajabu pia kwamba barua yako haitaji radio yoyote tangu siku ya upasuaji. Aliyewekewa nyaya anapaswa kupigwa picha karibu kila wiki katika mwezi wa kwanza. Kama hukuambiwa hivyo, uliza. Wakati unajiandaa kwenda, funika mahali hapo kwa kitambaa safi kilichokauka, usipake majivu, mafuta ya mawese wala dawa ya meno, na uwe na kitambaa chako shingoni.

*Baba mkwe wangu alianguka bafuni miezi miwili iliyopita. Tulimpeleka kwa mzee mmoja anayeunga mifupa, akamfunga vijiti na kumkanda kwa maji ya moto kila asubuhi kwa wiki mbili. Maumivu yamepungua, lakini mkono haupandi kupita kifua. Je, hilo tundu dogo linaweza kumsaidia sasa? — Mkamwana, Bagira*

Mama, kwa tundu dogo muda umepita. Vipande vinavyorudishwa kwa kusukumwa ni vile ambavyo bado havijashikana, na mfupa wa miezi miwili umekwisha kutengeneza daraja lake, zuri au baya. Sitamlaumu kila anayeunga mifupa, kwa kuwa mabega mengi hujiunga yenyewe na baadhi yao wana busara ya kuyaacha yajiunge. Nisichoweza kukubali ni kukanda mfupa mbichi, kitendo kinachosogeza vipande na kuongeza damu ndani ya nyama.

Mkono kutopita kifua baada ya miezi miwili unaweza kuwa na sababu tatu: mfupa umejiunga vizuri lakini bega limekauka kwa kutotumiwa, mfupa umejiunga ukiwa umepinda hivyo kinundu kinagonga juu, au haukujiunga kabisa. Radio ya pande mbili itasema ni ipi. Kwa uzoefu wangu ya kwanza ndiyo ya mara nyingi, nayo hutibiwa kwa uvumilivu: baba alale chali, ashike fimbo kwa mikono yote miwili, mkono mzima uunyanyue ule mgonjwa kuelekea juu ya kichwa hadi pale panapovuta bila kuuma sana, asubuhi na jioni. Bega huendelea kufunguka hadi kufikia mwaka mzima. Ulizeni pia kama ana kisukari, kwa maana mabega ya wenye kisukari hukaza zaidi. Jambo moja dogo mnaloweza kulipima leo: mguse kwa pamba upande wa nje wa bega, chini ya ncha yake, kisha umguse bega la pili mahali hapo hapo. Kama upande mgonjwa hasikii, mshipa wa fahamu unaopita hapo uliumia siku ya kuanguka, na daktari anapaswa kulijua hilo kabla ya kuwaahidi chochote.

*Jirani yangu wa Muhumba alivunjika bega kama mimi, naye aliwekewa bamba la chuma. Mwingine aliwekewa chuma ndani ya mfupa. Ndugu zetu wa Ulaya wanasema dawa ni bega la bandia. Mbona mfupa ni mmoja na tiba ni nyingi? — Msomaji wa miaka 70, Ibanda*

Mfupa ni mmoja, lakini hauvunjiki kwa namna moja. Bamba la kisasa, lenye skrubu zinazojifunga ndani ya bamba lenyewe, hushika mfupa dhaifu vizuri kuliko nyaya. Linaweza kuwekwa kwa mkato mrefu wa mbele, au kwa mikato miwili mifupi, mmoja begani wa sentimita 4 au 5 na mwingine chini yake, bamba likitelezeshwa chini ya msuli kama kadi chini ya mlango. Njia hii ya pili nayo ni ya jamii ya matundu madogo. Hatari yake ina mahali pake hasa: mshipa wa fahamu unaoendesha msuli wa bega hukatiza mfupa yapata sentimita 5 hadi 7 chini ya ncha ya bega, yaani katikati ya mikato hiyo miwili, pale pasipoonekana. Mpasuaji mzoefu huupapasa kwa kidole kabla ya kupitisha chuma. Asiye mzoefu ni afadhali afungue mkato mrefu aone anachofanya, na simwonei haya anayefanya hivyo.

Chuma cha ndani ya mfupa huingizwa kutoka juu kupitia tundu fupi, kikashuka ndani ya shina na kufungwa kwa skrubu za ubavuni. Kinafaa zaidi pale shingo ya mfupa ilipokatika na vinundu vikabaki vizima. Kwa kuwa kinapita kwenye kano ya juu ya bega, wengine hubaki na maumivu hapo; vyuma vya siku hizi vilivyonyooka huingia katikati ya kichwa ili kuikwepa sehemu dhaifu ya kano hiyo.

Ndugu zako wa Ulaya wanazungumzia bega la bandia lililogeuzwa, ambalo tufe lake hukaa upande wa kipande cha bega na kikombe upande wa mkono, wazo ambalo Mfaransa Paul Grammont wa Dijon alilitengenezea kifaa mwaka 1985. Kwa wazee waliosagika vipande vitatu au vinne lina sifa nzuri: utafiti wa Norway uliochapishwa mwaka 2020, wenye watu 124 wa miaka 65 hadi 85, ulionyesha kwamba waliowekewa bega hilo walifanya vizuri kuliko waliowekewa bamba. Ni upasuaji mkubwa, kifaa chake ni ghali, na kikiingiwa na vijidudu kukitoa ni kazi nzito. Anayekuambia kwamba atakuwekea, mwombe devi, yaani makadirio ya gharama, iliyoandikwa, inayotaja kifaa, siku za kulazwa na mazoezi ya baadaye, kisha umwulize ni mabega mangapi ya namna hiyo amekwisha kuweka mwenyewe. Swali hilo si la dharau, na daktari mwaminifu hulijibu bila kukunja uso.

*Daktari, nina miaka 63, navuka mto Ruzizi kila siku na mzigo mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Bega langu la kushoto lilivunjika wiki saba zilizopita, nikatibiwa kwa kitambaa, sasa naweza kujifunga kilemba mwenyewe. Lini nirudie mzigo? Na mbona nilianguka kidogo tu, palepale mlangoni, nikavunjika? — Mama wa Nyawera*

Mama, kilemba katika wiki ya saba ni habari njema sana. Kuna walioshonwa kwa ustadi wa kila namna ambao hawajafikia hapo.

Mzigo bado. Kamba ya pajini hukaza shingo na mabega yote mawili, na kila unapojipinda kuupokea au kuutua, mkono wa kushoto ndio unaouzuia usianguke. Subiri miezi mitatu itimie, piga radio, na kama daktari ameona mfupa umeungana ndipo uanze na mzigo wa kilo mbili au tatu kwenye mfuko wa mkono wa kulia, ukiongeza kwa wiki. Hadi hapo mtu wa nyumbani avuke na bidhaa, au mgawane na mwenzako.

Kuvunjika kwa kuanguka kutoka kimo chako mwenyewe ni dalili kwamba mfupa umepungua nguvu, jambo la kawaida kwa mwanamke aliyekwisha kukoma hedhi, na aliyevunjika hivyo mara moja yumo katika hatari kubwa zaidi ya kuvunjika tena, safari nyingine ikiwa nyonga. Mwulize daktari kuhusu dawa za kuimarisha mfupa. Iliyozoeleka ni kidonge cha mara moja kwa wiki, kinachomezwa asubuhi kabla ya kula kwa glasi nzima ya maji, na baada yake usilale wala usile kwa nusu saa, maana kikikwama kooni huunguza. Sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, zikiliwa nzima, pamoja na mifupa yake, zina madini ambayo mfupa wako unayataka, na bugali peke yake haina. Jua la asubuhi kwenye mikono na miguu halilipiwi. Na pale mlangoni ulipoanguka, kama bado pana lile jiwe linalocheza, mtafute kijana alishindilie udongo wiki hii, kabla mvua haijarudi.